Mkono wa Kulia wa Assina

Jumatatu, 9 Desemba 2013. Palma

Madaftari yalibaki baada ya semina, msimamizi akasema anayetaka achukue. Nimechukua hili. Kesho naingia kazini: kuhesabu watu, nyumba, minazi na makaburi ya rasi ya Afungi, kwa sababu kampuni ya gesi inaitaka ardhi hiyo. Walitaka watu wanaojua kuandika na kuongea na wazee. Mimi nilisoma Mtwara tulipokuwa wakimbizi wa vita vya hapa Msumbiji, ndiyo maana hapa naandika Kiswahili. Kireno changu ni cha kujazia fomu.

Mume wangu Dauto ni fundi wa injini za boti. Binti yetu Assina ana miaka mitatu na nusu. Tunaishi uani kwa mama yake Dauto, Mama Mariamo. Haya yanatosha kwa leo.

Jumatano, 11 Desemba

Nyumba saba, minazi mia mbili na arobaini. Miguu inauma.

Jumamosi, 14 Desemba

Leo ilikuwa zamu yetu wenyewe. Shamba la minazi la Mama Mariamo liko kule rasini, na makaburi ya ukoo yako pembeni mwa shamba. Ardhi ikichukuliwa makaburi nayo yatahamishwa, kwa hiyo kila kaburi lina mstari wake kwenye fomu: jina, umri, mwaka, uhusiano.

Mama alisimama juani, mguu wa kushoto umefungwa kitambaa kama siku zote, akanitajia mmoja mmoja.

“Sualehe, mwanangu wa kwanza. Ishirini na sita. Elfu mbili na saba. Laila, mwanangu wa mwisho. Ishirini na moja. Elfu mbili na tisa, pamoja na mtoto wake ambaye hakulia. Na huyu Atija, dada yangu. Hakufika thelathini. Mwaka sikumbuki, ilikuwa vita.”

Nikaandika. Akaniuliza, “Mbona huandiki kilichowaua?”

“Hakuna nafasi ya hilo, Mama.”

“Itafute. Andika Alzira.”

Sikuandika. Alzira alikuwa mke wa Sualehe, Mkristo kutoka Pundanhar. Sualehe alivimba mguu, siku ya tano akashika kifua, akafa. Miaka miwili baadaye Laila alijifungua. Alzira ndiye aliyempikia uji na kumkanda, na siku ya tisa Laila naye akashika kifua. Mama akasimama uani mbele ya majirani akasema mchawi ni huyu. Alzira aliondoka siku ileile, amemshika mkono binti yake Sónia. Wakati ule nilikuwa nimeolewa miezi miwili tu. Mkeka wa Alzira niliutoa nje mimi. Hakuna aliyenituma.

Ijumaa, 20 Desemba

Mvua ya kwanza ya maana. Paa la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana.

Jumatano, 1 Januari 2014

Assina ameokota kijiti na karatasi, anazunguka uani akiwahesabu kuku. “Wewe una miaka mingapi? Una minazi? Baba yako nani?” Kuku asipojibu anaandika hivyo hivyo. Hata Mama Mariamo alicheka, na yeye si mtu wa kucheka.

Jumatatu, 6 Januari

Assina anahara tangu jana. Mtaani watoto wengi wanahara, kisima kimechafuka kwa mvua. Nampa maji ya sukari na chumvi. Nimekwenda kazini.

Jumanne, 7 Januari

Bado anahara, na maji anayatapika. Nimekwenda kazini.

Alhamisi, 9 Januari

Nitaandika kwa mpangilio ili nisichanganye.

Alfajiri nilimpa Assina kikombe cha uji. Mkono wa kulia haukukishika, uji ukamwagika kifuani. Nikadhani bado ana usingizi. Nikamsimamisha, mguu wa kulia ukakunjika akaanguka. Nikamgeuzia mwangani. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Nikamwambia, “Assina, sema mama.” Akanitazama. Akatoa sauti, lakini halikuwa neno.

Dauto aliingia, akamnyanyua, akamweka chini, akamnyanyua tena. Kisha akaja Mama Mariamo. Alimtazama mtoto mara moja tu, akakaa sakafuni.

“Amerudi,” akasema.

“Nani amerudi, Mama?”

“Hakutosheka na wale wawili.”

Nikasema twende kituo cha afya. Mama akasema mtoto aliyepigwa na jini ukimdunga sindano unammaliza, na mganga atakuja kesho asubuhi. Dauto alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akatazama mlango. “Tungoje mpaka kesho,” akasema.

Nikasema sawa. Naliandika hili ili siku moja nisije nikajidanganya kwamba nilikataa. Nilisema, “Sawa, Mama.”

Ijumaa, 10 Januari

Mganga alikuja na mvua, akafukiza ubani na kusoma. Alikuwa mpole, sina la kumlaumu. Karibu na adhuhuri mkono na mguu wa kulia wa Assina vikaanza kutikisika vyenyewe na macho yakageuka. Mganga mwenyewe alirudi nyuma. Mimi nilimfunga mtoto mgongoni nikatoka.

Mama alinishika kanga mlangoni. “Nazira, usimtoe mtoto wangu mvuani.”

“Ni wangu mimi.”

Sijapata kumjibu hivyo tangu niolewe. Dauto alitufuata bila viatu, na mwavuli uliovunjika vyuma.

Kituoni nesi alimtuliza kwa dawa, akamtundikia dripu. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Akauinua mkono wa kulia wa Assina, akauachia, ukaanguka kama kitu kisicho na mwenyewe.

“Hiki ni kiharusi, mama.”

“Kiharusi si cha wazee?”

“Huja hata kwa watoto. Ni nadra, lakini nimewahi kuona. Anatakiwa hospitali kubwa, leo hii.”

Gari la wagonjwa lilikuwa limepeleka mama mjamzito Mocímboa tangu juzi. Mto umefunika barabara, haliwezi kurudi.

Jumamosi, 11 Januari

Dauto alizunguka usiku kucha akitafuta gari. Asubuhi akaja na dereva wa wale wa gesi, jina lake Jerónimo, mtu wa Mueda, gari refu lenye bomba la hewa lililopandishwa mpaka juu ya paa.

“Dada, kubeba abiria kwetu ni marufuku,” akasema. “Tuna kamera pale mbele. Ninafukuzwa.”

Nilimfunua Assina uso tu. Jerónimo alivua kofia yake, akaitundika juu ya kamera. “Kofia imeanguka,” akasema. “Pandeni.”

Mtoni maji yaliingia mpaka miguuni mwetu. Dauto alishuka na fimbo, akatembea mbele ya gari akipima kina, maji kiunoni, mara mbili akateleza akapotea na kuibuka. Kwa miaka mitano nimedhani mume wangu ni mtu asiyeweza kuamua lolote mama yake akiwepo. Leo nimemwona mwingine.

Mocímboa saa nane mchana. Kabla sijapata neno la kumshukuru, Jerónimo alikuwa ameshageuza gari.

Jumanne, 14 Januari. Nampula

Mocímboa walitupa gari mpaka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, huko wakatupa jingine mpaka Nampula, kwenye mashine ya kupiga picha ubongo. Leo Maulidi. Mwanamke wa kitanda cha jirani ametugawia mkate wa mchele. Assina anameza vizuri akilishwa upande wa kushoto.

Alhamisi, 16 Januari

Daktari wetu anaitwa Cândido. Ni kijana, anaongea polepole, na nikikosa neno la Kireno ananingoja. Alinionyesha picha. Nyuma ya kichwa cha Assina kuna mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kwenye ubongo. Ndani yake damu imeganda, ikaziba kama matope yanavyoziba mfereji, na upande wa kushoto wa ubongo ukaumia. Ubongo wa kushoto ndio unaoendesha mkono wa kulia, na maneno.

“Kuhara kumemkausha maji, damu ikawa nzito,” akasema. “Lakini watoto wengi huhara bila kupata hivi. Nimepima selimundu, hana. Niambie, kwenu kuna mtu aliyewahi kufa akiwa kijana, ghafla?”

Nikafunga macho, nikaiona fomu. Nikaisoma kama ilivyo, kwa mistari yake. Sualehe, ishirini na sita, mguu kisha kifua. Laila, ishirini na moja, siku ya tisa baada ya kuzaa. Atija, hakufika thelathini. Daktari aliacha kuandika.

“Nani amekukusanyia haya?”

“Ni kazi yangu,” nikasema.

Alituchukua damu sisi wote watatu. Ya Assina aliichukua kabla ya kubadilisha dawa, kwa sababu dawa nyingine huvuruga kipimo. Zinapelekwa Afrika Kusini. Hataki kusema anachodhani mpaka majibu yarudi.

Jumapili, 19 Januari

Sindano ya kuzuia damu kuganda, asubuhi na jioni, tumboni. Amejifunza kujifunika kwa mkono wa kushoto anapomwona nesi.

Ijumaa, 24 Januari

Ameinua goti la kulia.

Jumanne, 28 Januari

Leo alinyoosha kidole cha kushoto kwenye sahani ya mwenziwe akasema, “Samaki.” Dauto alitoka nje mbio. Nilidhani anakwenda kulia, kumbe amekwenda kununua samaki.

Jumatatu, 10 Februari

Majibu yamerudi. Daktari Cândido alituita sote wawili, akachora mistari kwenye karatasi.

“Damu ya kila mtu ina vitu vya kuigandisha, mtu akijikata isimwagike yote. Ina pia vitu vya kuizuia isigande ovyo. Kimojawapo kinaitwa protini C. Nazira, yako ni kamili. Assina anayo chini ya nusu. Na baba yake vilevile.”

Dauto akauliza, “Nimempa mimi?”

“Hukumpa kwa hiari yako. Umempa kama ulivyompa pua hii. Kila mtoto wa mtu mwenye damu hii anaweza kuirithi au kuikosa, nusu kwa nusu. Na wewe umeipata kwa mama au kwa baba.”

“Mbona mimi sijaanguka?”

“Wengi huzeeka nayo salama. Wengine huangushwa na kuzaa, au kulala kitandani muda mrefu, au kukaukiwa maji. Hao ndugu zako naona ndilo lililowapata. Siwezi kuapa, maana hawakupimwa, lakini ungeniuliza ningesema hivyo.”

Nikasema, “Kaka yake ameacha binti.”

“Basi naye apimwe,” akasema. “Msikawie.”

Wala hatukutazamana, mimi na Dauto.

Jumamosi, 15 Februari. Palma

Tumefika. Assina anatembea akishikwa, mguu wa kulia anauburuta. Ana maneno kama thelathini. Sasa anakunywa kidonge kila jioni, robo tu, na kila mwezi lazima Pemba kupimwa damu isilainike kupita kiasi. Akianguka na kupigwa kichwa, au akitoka damu puani, hakuna kungoja.

Mama Mariamo alimpokea, akamkalisha mapajani, akaanza kuukanda ule mkono kwa mafuta ya nazi, kidole kimoja kimoja. Hakuniuliza kitu.

Jumapili, 16 Februari

Dauto alimwambia mama yake asubuhi, baada ya chai. Nilimwomba tumwambie pamoja, akasema hapana, ni mama yangu. Nilikuwa jikoni, nikasikia yote.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Baba yenu alikufa kwa kuanguka mnazini. Hakupata kuumwa. Kwa hiyo mnaniambia mimi ndiye niliyewaua wanangu.”

“Hakuna aliyesema kuua, Mama.”

“Umesema imetoka kwa baba au kwa mama.”

“Nimesema upimwe.”

“Niliwazika wanangu wawili na nikajua nimchukie nani. Sasa mnataka nimchukie nani?”

Aliingia chumbani, akafunga mlango. Mchana hakula.

Jumatatu, 17 Februari

Hasemi nasi. Mkono wa Assina anaukanda.

Jumatano, 26 Februari

Nimerudi kazini, wamenipa vijiji vya upande wa pili. Wazee wanauliza watahamishiwa wapi na lini. Ninaandika swali kwenye fomu, hakuna anayenipa jibu la kuwapelekea.

Ijumaa, 7 Machi

Nilikuwa ninamwogesha Assina, Mama akaja akaketi kwenye kinu. Akafungua kitambaa cha mguu wake. Miaka yote hii sikuwahi kuuona wazi. Umevimba mpaka gotini, ngozi nyeusi na ngumu, kidonda karibu na kifundo.

“Ulianza nilipomzaa Laila,” akasema. “Siku ya sita. Ulijaa kama gogo, nikalala miezi miwili. Wakasema nimekanyaga kitu. Kabla yake mimba tatu zilitoka.” Akanigeukia. “Huyo daktari wako, ukimwambia hivi atasema nini?”

“Atasema ni ileile, Mama.”

Akafunga kitambaa, taratibu, kama anafunga mzigo. “Safari ya Pemba ni lini?”

Alhamisi, 13 Machi. Pemba

Mama ametoa damu. Nesi alipoingiza sindano hakugeuza uso.

Jumamosi, 29 Machi

Upepo siku mbili, mvua inapiga ubavuni. Redio inasema kimbunga kimepita baharini. Minazi mitatu imeanguka Afungi, na nilikuwa nimeshaihesabu.

Ijumaa, 4 Aprili

Daktari Cândido amenipigia simu. Nilimsomea Mama kama nilivyoandika: protini C, asilimia arobaini na moja. Imetoka kwake.

Nilitegemea alie. Aliuliza, “Sónia sasa ana miaka mingapi?”

“Anaingia tisa.”

“Pundanhar barabara ikoje?”

“Mbaya sana, Mama. Tungoje mvua ikatike.”

“Wewe uliambiwa ungoje siku moja ukangoja,” akasema. “Ikawaje?”

Hakusema kwa kuniumiza, lakini aliniumiza. Nami nilistahili kuambiwa.

Jumatano, 9 Aprili

Tumerudi leo. Kwenda ilikuwa jana, kwa trekta la mfanyabiashara wa mihogo, mimi na Mama juu ya magunia matupu. Mguu wake niliuweka mapajani mwangu usining'inie.

Alzira anaishi na kaka zake mwisho wa kijiji, nyumba safi ya udongo. Tulimkuta anapukuchua mahindi. Amenenepa kidogo, amekata nywele. Nilipiga hodi mimi. Alituona, hakusema karibu, wala hakusimama. Binti mrefu alitoka ndani. Sura yote ya Sualehe.

“Sónia, ingia ndani,” Alzira akasema. Mtoto akaingia.

Mama alibaki amesimama. Nilitaka kumtafutia kiti, akanizuia kwa mkono.

“Alzira, nimekuja kukuambia neno. Mjukuu wangu ameumwa kiharusi. Madaktari wamempima, wakampima Dauto, wakanipima mimi. Tuna damu inayoganda. Ndiyo iliyomuua Sualehe, na Laila. Imetoka kwangu. Wewe hukufanya kitu.”

Alzira aliendelea kupukuchua mpaka kibunzi kikabaki kitupu. Akakiweka pembeni.

“Mama Sualehe, hilo la kwamba sikufanya kitu nilikuwa nalijua. Sikuhitaji kuletewa na daktari.”

“Ndiyo.”

“Nimekaa miaka mitano hapa. Kanisani kuna wanawake hawanywi maji nyumbani kwangu, kwa sababu maneno yako yalifika kabla yangu. Mtoto wangu shuleni ameitwa mtoto wa mchawi.”

“Ndiyo.”

“Usiniitikie ndiyo, ndiyo.”

Alzira akanigeukia mimi. Nilijua zamu yangu itafika.

“Na wewe ulinitolea mkeka.”

“Nilikutolea,” nikasema. “Hakuna aliyenituma.”

Nadhani alitegemea nikane.

Kisha akauliza lile moja, sauti imebadilika. “Na Sónia?”

Nikamweleza yote kama nilivyoelezwa Nampula, huku nachora chini kwa kibunzi. Nusu kwa nusu. Anaweza kuwa hana. Akiwa nayo, kuna la kufanya. Alisikiliza vizuri na kuuliza maswali ya maana, kuliko mtu yeyote niliyemweleza mpaka leo.

“Nitampeleka Pemba,” akasema mwishowe. “Mimi mwenyewe. Wewe Nazira utanionyesha mlango.” Akamtazama Mama. “Na wewe, uliniita mchawi mbele ya watu. Umekuja kunisafisha huku porini ambako hakuna anayesikia.”

“Nitasema palepale,” Mama akasema. “Wakiwepo walewale.”

“Sitakuja kusikiliza.”

“Usije. Nitasema.”

Tulipokuwa tunaondoka Sónia alitoka na maji kwenye kata, bila kutumwa. Mama aliyanywa yote.

Jumatano, 16 Aprili. Pemba

Assina amepimwa, dawa imekaa sawa. Sónia ametolewa damu. Alzira hakuniambia neno njia nzima, ila tulipopanda chapa, kile kibasi cha abiria, alimpakata Assina ili mimi nipate kukaa. Assina alimuuliza, “Una minazi?” Alzira akasema hana. Assina akamwambia, “Pole.”

Ijumaa, 18 Aprili

Khitima ya Sualehe na Laila, baada ya sala. Mama aliita mtaa mzima, na mchele aliununua yeye. Baada ya dua wanawake walikuwa wanasogeza sinia, Mama akasimama katikati ya ua. Akasema alichosema Pundanhar, maneno yaleyale, hakupunguza. Akafunua mguu wake mbele yao wote.

Mwanamke mmoja mzee akasema, “Mariamo, msiba ule ulikuwa mkubwa, mtu huropoka.”

“Sikuropoka,” Mama akasema. “Nilisema kwa akili yangu. Na nyinyi mlinisikia, mkapeleka mbele. Sasa pelekeni na hili.”

Wengine walikula. Wengine waliondoka bila kunawa. Dauto, aliyekuwa upande wa wanaume, alikuja akasimama karibu na mama yake.

Jumatatu, 28 Aprili

Jua siku nne mfululizo. Assina ameshika kijiko kwa mkono wa kulia, kikaanguka. Ameshika tena.

Jumanne, 6 Mei

Majibu ya Sónia yalifika Pemba jana, Jerónimo akayaleta. Bado ana kazi yake. Nilimtumia Alzira ujumbe, akaja leo na lori la mbao. Alifikia kwa watu wa kanisani kwao, akaoga, akabadilisha nguo, ndipo akaja kwetu. Alisimama kwenye lango la ua muda. Watu wa nyumba ya jirani walitoka kumtazama. Mama Mariamo alikwenda mwenyewe kumfungulia.

Hakukubali kiti. “Nisomee,” akaniambia.

Nikasoma. Sónia anayo damu hii. Protini C, asilimia thelathini na nane.

Alzira alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei aliyokwisha kuikisia. “Nifanye nini?”

Nikamwambia. Dawa ya kila siku kwa sasa hahitaji. Akihara au akipata homa, anywe maji mengi na apelekwe mapema. Asilale kitandani siku nyingi bila kunyanyuliwa. Akivimba mguu, akishika kifua, kichwa kikimuuma kisivyo kawaida, hospitali saa ileile. Kila nesi aonyeshwe karatasi hii. Akiwa mkubwa, vidonge vya kuzuia mimba asimeze kabla ya kumuuliza daktari.

“Na akizaa?”

“Akipata mimba watamdunga sindano za kulainisha damu, kama za Assina. Na wiki sita baada ya kuzaa.”

“Halafu?”

“Halafu basi. Atalea mtoto wake.”

Alzira aliichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka kifuani. Alitazama kile chumba cha pembeni alicholala Laila zile siku tisa.

“Kwa hiyo Laila alihitaji sindano,” akasema. “Tu. Mimi nilimpikia uji.”

Mama Mariamo alinyanyuka, akapita katikati yetu, akaenda nyuma ya nyumba, mguu ukimpa shida. Tukasikia akilia, kilio ambacho sikumsikia nacho wakati wa msiba wenyewe, kwa sababu wakati ule alikuwa na hasira.

Dauto alitaka kwenda. Alzira akamwambia, “Kaa.”

Akavua viatu vyake mlangoni, akamfuata yeye. Walikaa huko mpaka alasiri. Hatukusikia walichosema, na jioni nilipowapelekea chai niliwakuta wameegemea ukuta, kila mtu ametazama kwake, mguu wa Mama uko juu ya mapaja ya Alzira, naye anaukanda.